Bacha Khan na jeshi lisilo na bunduki: jibu kwa mwalimu wa historia

Mwalimu mmoja wa sekondari ameandika hivi: "Kwenye somo la ukoloni huwa tunamfundisha Gandhi. Nimesikia kwamba kulikuwa na Mwislamu wa Kipashtuni aliyeunda jeshi la watu laki moja wasio na silaha dhidi ya Waingereza. Inawezekanaje, kwa watu wanaosifika kwa bunduki na kisasi? Alikuwa anamwiga Gandhi tu? Na kama alifaulu kiasi hicho, mbona hatumsikii?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza, maana huyu ni mtu anayestahili kipindi kizima darasani. Naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua la kwanza.

Khan Abdul Ghaffar Khan, ambaye watu wake, Wapashtuni wa pande zote mbili za mpaka wa Pakistan na Afghanistan ya leo, walimwita Bacha Khan, alizaliwa yapata mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, Charsadda, kwenye bonde la Peshawar, wakati huo India ya Waingereza, leo Pakistan. Nasema "yapata" kwa sababu vijijini kwao hakukuwa na desturi ya kuandika siku za kuzaliwa. Baba yake, Behram Khan, alikuwa mwenye ardhi anayeheshimika. Kijana alisoma shule ya wamisionari ya Edwardes mjini Peshawar, akapewa nafasi ya kuwa ofisa katika kikosi cha Guides, kikosi chenye jina kubwa wakati huo. Aliikataa baada ya kuona ofisa wa Kipashtuni akidhalilishwa na Mwingereza hadharani. Kaka yake, anayejulikana kama Dk. Khan Sahib, alikwenda Uingereza kusomea udaktari. Yeye alitaka kumfuata, mama yake akakataa katakata, akabaki.

Mwaka 1910 akafungua shule Utmanzai. Wakati huo Gandhi alikuwa bado Afrika Kusini, na hakurudi India hadi 1915. Kwa hiyo kazi iliyokuja kuwa msingi wa harakati nzima ilianza kabla ya hao wawili kufahamiana. Ni kweli kwamba mwaka 1919 Bacha Khan aliitikia wito wa Gandhi wa kupinga sheria ya Rowlatt, iliyoruhusu watu kufungwa bila kesi, akafungwa kwa ajili hiyo, na ni kweli pia kwamba kuanzia 1931, na hasa 1934 alipokaa naye Wardha, katikati ya India, wakawa marafiki wa karibu mno. Walijifunza mmoja kwa mwenzake. Lakini jina la "Gandhi wa Mpakani", ambalo magazeti yalimpachika, linampunja. Linamfanya aonekane kivuli cha mtu mwingine, na linaficha kwamba hoja zake alizitoa ndani ya Uislamu na ndani ya desturi za Wapashtuni wenyewe.

Sasa turudi kwenye swali la bunduki na kisasi. Ukitaka wanafunzi waelewe, usianze na Bacha Khan, anza na utawala. Mwaka 1901 Waingereza walilimega eneo hilo kutoka Punjab, wakaunda Mkoa wa Mpaka wa Kaskazini-Magharibi. Mwaka huohuo wakatoa kanuni za makosa ya mpakani zilizowaruhusu kuadhibu ukoo au kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja: kutoza faini ya pamoja, kuzuia bidhaa, hata kubomoa nyumba. Mageuzi ya 1919, yaliyoipa mikoa mingine ya India mabaraza yenye mamlaka kidogo, hayakufika kule hadi 1932. Wakati huohuo wenye ardhi wakubwa, makhan, walipewa vyeo na ruzuku ili wawatulize watu wao. Juu ya hayo kulikuwa na desturi ya badal, yaani kulipiza: damu kwa damu, kizazi baada ya kizazi. Mwanamume aliyemuua jirani yake aliishi akiwa na bunduki mkononi, na watoto wake wakairithi bunduki pamoja na deni lake.

Bacha Khan aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kisasi hicho kilikuwa msaada mkubwa kwa mkoloni. Watu wanaoviziana kwenye mashamba ya miwa hawawezi kukaa kwenye baraza moja, na kijiji kinachouza ardhi kulipia mawakili na risasi hakina cha kuchangia shule. Ndiyo maana alianza na shule. Kati ya 1915 na 1918 alizunguka vijiji vipatavyo 500, akizungumza na wakulima, na ni katika mizunguko hiyo ndipo walipoanza kumwita Bacha Khan. Serikali ilizifunga shule za kwanza mwaka 1915. Akafungua tena mwaka 1921, safari hii ikiwa ni Shule ya Azad ya Utmanzai na chama cha kurekebisha jamii ya Waafghani, jina jingine la Wapashtuni. Mwishoni mwa mwaka huo akakamatwa, akafungwa miaka 3 ya kazi ngumu. Baadhi ya mashehe wa vijijini nao walimpiga vita, wakihubiri kwamba anayesoma shule hana nafasi peponi. Mwezi Mei 1928 akaanzisha jarida la Kipashto liitwalo Pakhtun, ambamo wanawake pia waliandika, jambo lisilokuwa la kawaida hata kidogo kwa wakati na mahali pale.

Nimekaa sana kwenye miaka hii kwa makusudi. Vitabu vingi vinaruka moja kwa moja hadi 1930, na mwanafunzi anabaki akidhani mtu mmoja alisimama, akahubiri amani, na watu wenye bunduki wakazitupa chini. Haikuwa hivyo. Ilitangulia karibu miaka 20 ya kujenga shule, kupatanisha koo na kukaa na watu.

Novemba 1929 ndipo lilipozaliwa shirika lenyewe: Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Muundo wake ulikuwa wa kijeshi hasa. Walikuwa na vyeo, makamanda walioitwa jarnail, gwaride, ngoma na zumari. Sambamba na safu hiyo kulikuwa na mabaraza, jirga, kuanzia kijijini, kupanda hadi wilaya na mkoa. Maofisa wa safu ya kujitolea waliteuliwa, na wajumbe wa mabaraza walichaguliwa. Hakuna aliyelipwa, na kila mmoja alijinunulia sare yake.

Kuhusu sare, kuna kosa la kawaida la kulirekebisha. Waingereza waliwaita Mashati Mekundu na kueneza kwamba ni mawakala wa Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi. Sababu halisi ilikuwa ya dobi zaidi kuliko ya siasa: kanzu nyeupe za pamba iliyosokotwa nyumbani zilishika vumbi haraka, wanachama wachache wakazichovya kwenye rangi ya watengeneza ngozi wa hapohapo, zikatoka na wekundu wa tofali. Rangi ilikuwa rahisi, ilipatikana kila mahali, wengine wakaiga.

Kiini cha mfumo kilikuwa kiapo. Mtu alijitambulisha kuwa mtumishi wa Mungu, na kwa kuwa Mungu hana haja ya kutumikiwa, aliahidi kuvitumikia viumbe vyake. Aliahidi kuacha nguvu na kisasi, kumsamehe anayemdhulumu, kujitenga na ugomvi wa koo, kumwona kila Mpashtuni kuwa ndugu na rafiki, kuishi maisha ya kawaida, kutotaka malipo kwa utumishi wake, na kutoa walau saa 2 kila siku kwa kazi ya jamii. Mwambie mwanafunzi wako asome kiapo hicho pole pole na ahesabu: sehemu kubwa ya ahadi hazimtaji Mwingereza kabisa. Zinahusu jirani.

Hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Bacha Khan hakuwataka Wapashtuni waache kuwa Wapashtuni. Kwao neno la mtu likitoka halirudi, kwa hiyo aliweka kiapo. Kwao heshima hupimwa kwa ujasiri, kwa hiyo aliwaonyesha kwamba kusimama mbele ya bunduki bila kuwa na yako kunahitaji moyo mkubwa kuliko kuificha nyuma ya jiwe na kufyatua. Walikuwa Waislamu, kwa hiyo aliwakumbusha miaka ya Mtume huko Makka, miaka ya kuteswa na kusubiri bila kuinua upanga, akawaambia kwamba subira na haki ni silaha ambayo polisi na jeshi hawana namna ya kuizuia. Na kwa kuwa walizoea mazoezi ya kivita, aliwapa gwaride na matembezi marefu. Kwenye kambi zao walifagia vijiji, walisaga ngano, walisokota pamba. Saa 2 za kila siku hazikuwa pambo. Mtu aliyezoea kuamka na kufanya jambo gumu kwa hiari yake, pamoja na wenzake, kwa amri moja, huyo ndiye atakayebaki kwenye safu siku ya kipigo.

Siku hiyo ilifika mapema. Tarehe 23 Aprili 1930 Bacha Khan alikamatwa akiwa njiani kuelekea Peshawar. Mjini humo viongozi wa Congress, chama kikuu cha kudai uhuru wa India, nao walikuwa wamekamatwa, na umati ukajaa katika soko la Qissa Khwani. Magari ya deraya yaliingia kwa kasi, yakawakanyaga watu. Katika vurugu hiyo mpanda pikipiki wa jeshi aliuawa na gari moja likachomwa moto. Usiwafiche wanafunzi jambo hili, kwa sababu umati ule ulikuwa mchanganyiko, na si kila aliyekuwamo alikuwa amekula kiapo. Kisha risasi zikaanza. Watu walisema watatawanyika wakiruhusiwa kuwachukua maiti na majeruhi wao, na askari wakiondoka. Ufyatuaji uliendelea kwa saa kadhaa. Serikali ilikiri vifo vipatavyo 30, uchunguzi wa Congress ukataja 125, na simulizi nyingine zinakwenda hadi 200 au zaidi. Ukiandika ubaoni, andika makadirio yote pamoja na aliyeyatoa.

Kilichotikisa utawala zaidi kilitoka upande wa wenye bunduki. Kikosi cha Royal Garhwal Rifles, Wahindu kutoka milimani, kiliamriwa kuwafyatulia Waislamu wale, na askari wake wakakataa. Aliyewaongoza, Chandra Singh Garhwali, alihukumiwa kifungo cha maisha, na wenzake wakapata vifungo vya miaka mbalimbali. Utawala uliotegemea kuwatumia watu wa dini moja dhidi ya wengine uliona tegemeo lake likipasuka mchana kweupe. Usiku wa tarehe 24 jeshi likaondoka mjini, na halikurudi hadi tarehe 4 Mei.

Baada ya hapo kamatakamata ilienea vijijini: watu walivuliwa kanzu hadharani, wakapigwa, nafaka zao zikaharibiwa, na kulikuwa na mauaji mengine Takkar mwezi Mei na Hathikhel, wilayani Bannu, mwezi Agosti. Matokeo yake yakawa kinyume cha yaliyotarajiwa. Shirika ambalo kabla ya Aprili lilihesabiwa kwa mamia likawa na makumi ya maelfu ndani ya miezi michache. Ile laki moja uliyoisikia ni makadirio ya kilele, na waliohesabu hawakubaliani, kwa hiyo itaje kama makadirio.

Mwaka 1931 Khudai Khidmatgar walijiunga rasmi na Congress. Inafaa kujua kwamba viongozi wao waliotoka jela waliubisha kwanza mlango wa Muslim League, chama cha Waislamu wa India, ambayo haikuwa tayari kugombana na Waingereza. Muungano huo uliwapa sauti India nzima na kinga kiasi fulani. Mwaka 1937 Dk. Khan Sahib akawa waziri mkuu wa mkoa (mwalimu, hawa ndugu wawili huchanganywa mara kwa mara: daktari ndiye aliyeshika madaraka, mdogo wake hakutaka cheo chochote serikalini). Lakini muungano huohuo ulifunga hatima yao kwenye kamba iliyoshikwa na wengine huko Delhi.

Msimamo wa Bacha Khan ulikuwa mkali kuliko wa chama. Mwaka 1940 Congress ilipokuwa tayari kuunga mkono vita vya Waingereza kwa masharti, alijiuzulu kutoka kamati yake kuu, kwa sababu kwake kutotumia nguvu kulikuwa imani, si mbinu ya kuwekwa kando hali ikibadilika. Mwaka 1942, katika vuguvugu la kuwataka Waingereza waondoke India, alipigwa wakati wa kukamatwa hadi mbavu zikavunjika. Mapema 1947 alikuwa mkoani Bihar, mashariki mwa India, pamoja na Gandhi, wakitembea katika vijiji ambako Waislamu walikuwa wamechinjwa.

Kisha mambo yakaharibika, na hapa naomba usiharakishe, kwa sababu ndipo penye somo kubwa zaidi kwa darasa lako.

Katika uchaguzi wa 1946 Congress ilishinda viti 30 kati ya 50 vya mkoa, na League ilipata 17. Mkoa wenye Waislamu wengi kupita kiasi ulikuwa umekataa hoja ya kugawa India kwa dini. Hata hivyo, mpango wa Waingereza wa kuigawa India, wa tarehe 3 Juni 1947, uliamuru kura ya maoni mkoani humo: kujiunga na India au Pakistan, basi. Uongozi wa Congress ukaukubali. Bacha Khan alimwambia Gandhi na wenzake kwamba wamewatupa kwa mbwa mwitu. Tarehe 21 Juni, huko Bannu, yeye na wenzake walidai chaguo la tatu, nchi ya Wapashtuni wenyewe, na waliponyimwa wakasusia. Kura zikapigwa mwezi Julai: 289,244 kwa Pakistan, 2,874 kwa India, kati ya waliojiandikisha 572,798. Yaani waliochagua Pakistan walizidi nusu ya wapiga kura wote kwa uzi mwembamba. Watetezi wa Bacha Khan wanasema nusu iliyobaki ni ushahidi wa ususiaji, na wapinzani wanasema hakuna uchaguzi ambao kila mtu hujitokeza. Kwa maoni yangu kususia kulikuwa kosa la kisiasa lenye sababu za kueleweka: kulilinda msimamo wao, na kuliwaachia wapinzani uwanja mtupu.

Kulikuwa na ufa mwingine pia. Mwaka huohuo, vitisho vilipozidi, mwanawe Ghani Khan, mshairi, aliunda kundi la vijana wenye silaha, Zalmai Pakhtun, kuwalinda Mashati Mekundu. Baba yake hakuliunga mkono. Kundi hilo linaonyesha jinsi nidhamu ya kiapo inavyolegea pale watu wanapoona waliokuwa washirika wao wamewaacha.

Agosti 1947, siku chache baada ya Pakistan kuzaliwa, serikali ya Dk. Khan Sahib ilifukuzwa. Bacha Khan hakuchukua njia ya uasi. Februari 1948 alikula kiapo cha utii katika Bunge la Katiba la Pakistan na kuomba Wapashtuni wapewe jina na mamlaka yao ndani ya nchi hiyo. Mwezi Juni akakamatwa. Tarehe 12 Agosti 1948 wafuasi wake walikusanyika Babrra, Charsadda, kupinga kamatakamata hiyo, na polisi wakawafyatulia. Serikali ilitaja vifo vipatavyo 15, Khudai Khidmatgar wakasema takriban 150, na simulizi za baadaye zinafika 600 au zaidi. Mwezi uliofuata shirika likapigwa marufuku, na kituo chake cha Sardaryab kikabomolewa.

Kwa nini njia iliyofaulu 1930 ilishindwa 1948? Watu walikuwa walewale, kiapo kilekile, hata wilaya ileile. Ila mwaka 1930 kulikuwa na Bunge London lenye maswali ya kuuliza, magazeti yaliyofuatilia, Congress iliyotuma wachunguzi, na askari waliokuwa na sababu ya kusita. Mwaka 1948 hakukuwa na mtu wa nje aliyejali, nchi mpya ilikuwa imejaa hofu ya kusambaratika, na waliouawa waliitwa wasaliti badala ya wapigania uhuru. Kutotumia nguvu kunahitaji mashahidi. Kunahitaji pia mpinzani anayeona haya, au walau anayelazimika kujieleza mbele ya mtu fulani.

Miaka iliyobaki nitaipita haraka. Aliachiwa 1954, akapinga kuunganishwa kwa mikoa yote ya Pakistan Magharibi kuwa mmoja, akafungwa tena 1956. Mwaka 1957 alishiriki kuanzisha chama cha National Awami Party. Kaka yake, aliyekuwa amechukua njia tofauti na kuwa kiongozi wa Pakistan Magharibi iliyounganishwa, aliuawa Lahore Mei 1958. Chini ya utawala wa kijeshi Bacha Khan alifungwa tena, na mwaka 1962 Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, ikamtangaza mfungwa wake wa mwaka. Mwaka 1964 aliruhusiwa kwenda kutibiwa Uingereza, kutoka huko akaenda kuishi Afghanistan hadi Desemba 1972. Ukijumlisha jela za Waingereza na za Pakistan, unapata zaidi ya miaka 25. India ilimpa Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa ya kiraia, mwaka 1987, akiwa mtu wa kwanza asiye raia kuipata. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988 akiwa chini ya kizuizi cha nyumbani, akazikwa Jalalabad, Afghanistan, kwa matakwa yake. Pande zilizokuwa zikipigana Afghanistan zilisitisha mapigano kwa ajili ya maziko, ingawa mabomu yalilipuka na kuua watu waliohudhuria.

Swali lako la mwisho: mbona hatumsikii? Kwa sababu hana nchi ya kumtangaza. Pakistan ilimwona msaliti kwa miongo mingi, na shule zake hazikuwa na sababu ya kumfundisha, ingawa leo uwanja wa ndege wa Peshawar unabeba jina lake, na pia chuo kikuu cha Charsadda, kile kilichoshambuliwa na magaidi tarehe 20 Januari 2016, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. India inamheshimu, ila humsimulia kama mfuasi wa Gandhi. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kipashto, kitabu kikachapwa Kabul mwaka 1983, na tafsiri kamili ya Kiingereza ikatoka 2021 tu. Kwa miaka karibu 40 dunia isiyosoma Kipashto ilimjua kwa midomo ya wengine.

Kwa kipindi chako, Mwalimu, ningeshauri uwape wanafunzi vitu viwili tu mezani: ahadi za kile kiapo, na takwimu za vifo vya Qissa Khwani na Babrra kama kila upande ulivyozitoa. Waulize ni ahadi ipi ingekuwa ngumu zaidi kuitimiza nyumbani kwao. Kisha waulize nani alihesabu maiti kila mara, na nani hakuwepo kuhesabu.